Nusu ya Doti

Nchi yao siitaji. Ni kubwa, silaha inazo, na miaka ile ilikuwa imewekewa vikwazo hadi mabalozi wake hawaalikwi chai. Basi watu wake wakaja Dubai kutafuta marafiki. Wakakodi ukumbi wa hoteli niliyokuwa nikifanya kazi, mtaa wa Silicon Oasis, wakabandika mlangoni: Jioni ya Urafiki na Afrika.

Wageni wa Afrika waliofika, wote wa nchi zinazosema Kifaransa, hawakujaza hata meza za mbele. Ndipo msimamizi wetu, Mkenya, alipotujia jikoni na kanga zenye bendera ya wenyeji wa jioni ile. Sisi wahudumu tujitande, tukae vitini, kisha mmoja aiambie kamera kwamba Afrika iko nao. Akanichagua mimi, mtu wa Tanga, eti Kiswahili changu kitamu.

Nilipoikunjua kanga nikacheka kwa hasira. Walikuwa wamezikata doti katikati ili zitoshe, kila mtu kipande kimoja! Kwetu kanga huja mbili, ya kujifunga na ya kujitanda. Ukimpa mwanamke moja, bora usingempa kitu. Na hawa walitaka bara zima kwa nusu ya doti.

"Sista, sema tu iishe," msimamizi akaninong'oneza. "Visa yako inaisha hii mwezi, na ni madam mwenye hoteli atasaini. Usiniletee shida."

Niliogopa. Mama yangu alikula kwa mshahara ule. Lakini niisemee Afrika, mimi niliyetoka kuosha vikombe sasa hivi? Nani kaniuliza? Nani kamuuliza mama?

Nikasimama mbele ya kamera, nikatabasamu vizuri kabisa. "Mimi ni mhudumu wa hoteli," nikasema. "Nimeambiwa niseme Afrika iko nanyi. Afrika haijanituma. Na hii nusu kanga, jifungeni wenyewe."

Wenyeji wakapiga makofi, kwa kuwa hawakuelewa hata neno. Msimamizi alielewa yote, akapiga makofi nao, maana kunishtaki mimi ni kujishtaki yeye. Visa ikasainiwa.

Baadaye mama akapiga simu. Video waliyoirusha wenyeji wale ilikuwa imefika mpaka Tanga.

"Mtaa mzima unacheka, mwanangu. Hayo maandishi ya kigeni chini yako yanasemaje?"

"Yanasema nawapenda."

"Na maneno yako tunayasikia waziwazi! Hicho kipande chao kiko wapi?"

Nilikuwa nacho mkononi, nafutia meza za ukumbi uleule.