Hadithi ya Chura Niliyowapa Waandishi

Mwalimu wa ngumbaru ndiye aliyenipeleka. Alikuja kwetu, karibu na Kharumwa, na barua mkononi, akasema wanaotunga vitabu vya watoto na wanaovichora watakutana Shinyanga mjini kwa siku tatu, na wanataka mtu mzima anayejua hadithi za zamani. "Wewe mama unazijua," akasema. Nikamuuliza nani kawaambia. Akacheka tu. Mtu akicheka badala ya kujibu, mimi huangalia mikono yake.

Wakati huo tulikuwa tumehamishwa kutoka mashambani kwetu kuletwa kijijini. Na hayo nayo yalianza vivyo hivyo: kijana na karatasi, anauliza majina kwa upole. Lori likaja baadaye. Kwa hiyo nilipofika Shinyanga kwenye ukumbi wa chuo, nikakuta meza mlangoni na daftari la kujiandikisha, nilimwambia dada wa mezani aandike "mama kutoka Kharumwa", basi.

"Na jina, mama?"

"Hilo linatosha."

"Akina mama wa Kharumwa ni wengi."

"Aliyekuja ni mmoja."

Ndani walikuwa wanabishana tangu asubuhi kama sungura avae shati au asivae. Mwanamume mzima, miwani usoni, alisimama akasema sungura asiye na nguo si mfano mwema kwa mtoto. Nikawaza, hawa wamelea watoto gani? Ukutani walibandika picha. Moja ilikuwa ya ng'ombe, hana nundu.

"Huyu ng'ombe wa wapi?" nikauliza kwa sauti.

Watu wakacheka. Aliyemchora, binti mmoja wa pwani, hakununa. Alikuja akakaa sakafuni karibu na kiti changu. "Shikamoo, mama. Nundu inaanzia wapi?" Nikamwonyesha kwa kidole, akafuta, akachora upya. Aliuliza vizuri, na hilo ndilo lililonitia shaka zaidi. Mtu wa mbali anataka nini na nundu ya ng'ombe wetu?

Siku ya pili ikawa zamu yangu. Wakaweka tepurekoda mezani, wakaniambia niseme tu kama niko nyumbani. Nyumbani hakuna mashine inayozunguka huku inanimeza.

Marehemu mume wangu alikuwa mchimbaji wa dhahabu upande wa Geita, na wachimbaji wana desturi yao. Mgeni akija kuuliza mawe mazuri yametoka wapi, hawamfukuzi. Wanampeleka kwenye shimo kavu, kwa heshima zote, hata kamba wanamshikia. Anashuka, anapanda na vumbi lake, anashukuru, anaondoka. Mimi nimepika ugali wa wageni wengi wa namna hiyo.

Hadithi niliyokwenda nayo ilikuwa ya mama yangu mzazi. Sijawahi kuisikia kwa mtu mwingine, na yeye alipokufa nilibaki nayo peke yangu. Ni mwaka wa ukame. Msichana anapata kisima kimoja tu chenye maji, na chura amekikalia. Chura anamwambia: chota, lakini kata ya mwisho unirudishie. Msichana anachota huku anaimba, anarudisha kata moja, na kesho yake anakuta kisima kimejaa. Mama aliisimulia akipura mtama, mimi naitikia wimbo, na mkono wake haukusimama.

Niliitazama ile mashine. Kisha nikawapeleka kwenye shimo kavu.

Niliwaambia msichana alimpiga chura kwa kata, chura akakimbia, msichana akachota maji yote akarudi kwao shujaa. Wimbo sikuwapa. Walipiga makofi, mwenye miwani akasema hadithi ina ushujaa. Binti wa pwani peke yake hakupiga, alishika penseli yake.

"Mama, na kesho yake walikunywa nini?"

"Ya kesho ni ya kesho," nikamjibu.

Aliniangalia kidogo, akainamia karatasi.

Nilirudi nyumbani nimeshiba furaha. Nilipomweleza wifi yangu, alipiga vigelegele. "Umewaweza, wifi! Waende nayo hiyo hiyo!"

Ikapita miaka, mjukuu wangu wa kike akaanza shule. Siku moja mchana alikuja na kitabu. Juu ya jalada msichana ameinua kata, chura anaruka, na nyuma yao ng'ombe mwenye nundu yake sawasawa. Mtoto akanisomea, kidole chini ya maneno. Alipofika pale msichana anapompiga chura, nikamkatiza.

"Hakumpiga."

"Amempiga, bibi. Ona."

Nikamwambia ilivyo, na wimbo nikauimba. Sikuwa nimemsimulia kabla ya siku hiyo. Nilikuwa naiweka mpaka akue. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

"Bibi, hiyo umeitunga sasa hivi."

"Ni ya mama yangu!"

"Imeandikwa wapi?"

Mtoto hakuwa na kosa. Hadithi ya mama yangu ilikuwa inakufa mbele yangu, na aliyeipiga kwa kata ni mimi. Asubuhi yake nikafunga kanga nikaenda shuleni.

Mwalimu wake alikuwa kijana. Aliniamkia, akanisikiliza amesimama, akapekua kitabu. "Mama, humu hakuna jina lako."

"Nilikataa kulitoa."

"Na hadithi uliibadilisha mwenyewe?"

"Mwenyewe."

Nilingoja anicheke. Akasema, "Basi ingia uwaambie watoto."

Sikupenda alivyokubali haraka, lakini niliingia. Niliposema chura hakupigwa, darasa zima likapaza sauti: "Alipigwa!" Mmoja wa nyuma akaongeza, "Bibi hajui kusoma!" Nikamwambia nitamsomesha yeye na baba yake. Wakacheka, wakatulia, nikaanza. Wimbo waliudaka upesi kuliko nilivyotegemea, hata mjukuu wangu, aliyekuwa ameinamisha uso kwa aibu.

Katikati nikamwona mwalimu amefungua daftari, anaandika. Nikanyamaza. Watoto wakageuka kumtazama.

"Unaandika nini?"

"Hadithi yako, mama. Isipotee."

Niliangalia mikono yake.

"Andika," nikamwambia. "Lakini sitoki humu mpaka unisomee kila mstari. Na juu kabisa uweke jina la mama yangu. Nitakutajia herufi moja moja."