Ruhusa ya Kumrushia Mtu Mzima

Mdakaji wa kwanza wa mdogo wangu nilikuwa mimi, kwa kuwa hakujitolea mwingine. Alikuwa amejifunza besiboli shuleni, kwa kocha aliyekuja na gunia la glavu, na tangu siku hiyo hakuzungumza jambo jingine. Kila jioni nilijifunga mto tumboni kwa kanga ya marehemu mama, nikachuchumaa kando ya mapipa ya taka nyuma ya ghorofa letu pale Yeoville, naye akarusha. Kazi yangu ilikuwa kusuka nywele saluni. Wateja walitazama vidole vyangu vilivyovimba, wakaniuliza kwa sauti ya chini kama mume wangu ananipiga. Niliwajibu kwamba sina mume, nina mrushaji.

Wazazi wetu walifariki tukiwa bado tunaizoea Johannesburg. Baba alikuwa amerudi kwao kutoka uhamishoni, na mama alikuwa amemfuata kutoka Morogoro. Niliacha shule nikawalea wadogo zangu watatu. Nilichosimamia kuliko vyote ni heshima, maana sikutaka mtu aseme watoto wale hawakufunzwa. Kila mwenye mvi aliamkiwa shikamoo, awe Mkongo, Mzulu au mpita njia tu aliyesimama kwenye robot, yaani taa za barabarani. Wengi hawakujua wajibu nini. Tuliwaamkia hivyo hivyo.

Mdogo wangu mrushaji alipofika miaka kumi na tisa, akaja Mmarekani mmoja anayetafuta warushaji wa kulipwa. Alikuwa na asubuhi moja tu ya kuwatazama vijana, kwenye uwanja karibu na Rosettenville. Mdogo wangu hakulala vizuri wiki nzima. Hakutaka kazi nyingine yoyote, na mimi nilikuwa nimeshamtafutia mbili.

Alianza vizuri. Wapigaji wawili vijana walikuja na magongo yao, mipira ikawapita, wakaondoka. Wa tatu alikuwa fundi bomba Mreno wa klabu hiyo, mwenye ndevu nyeupe na tumbo la kutosha. Mdogo wangu akaweka mkono kifuani, akainama kidogo, kisha akarusha mpira kama mtu anayempa jirani yai. Yule fundi akaupiga ukavuka uzio. Wa pili ukavuka vilevile. Mmarekani alikuwa na kimashine cha kupima mwendo wa mpira. Akakitikisa, kisha akakiweka sikioni.

Nikaingia uwanjani.

"Unafanya nini?"

"Dada, yule ni mtu mzima."

"Na wewe ni mrushaji."

"Mpira ukimpata kichwani nitamwambia nini mkewe?"

"Utamwambia pole."

"Si wewe uliyenichapa kwa kumrushia chungwa babu wa ghorofa ya pili?"

"Lile lilikuwa chungwa. Na hakuna aliyetaka kukulipa."

Hakucheka. Macho yalikuwa yamemjaa machozi, na nikajua kwamba angekuwa radhi kuikosa kazi ile kuliko kunivunjia amri. Basi nikaenda kwa yule fundi mwenyewe, nikapiga goti kidogo kama tunavyofanya mbele ya wakubwa.

"Eish, mama, umeanguka?" akauliza.

Nikamweleza kwa Kiingereza kwamba mdogo wangu anaomba ruhusa ya kumrushia mzee kwa nguvu.

Akageuka kutazama nyuma yake. "Mzee yupi?"

"Wewe."

"Nina miaka arobaini na tisa."

"Ndiyo hiyo. Ungeweza kutuzaa sote."

Akatafuna midomo. "Mwambie arushe."

"Inabidi umwambie mwenyewe. Ruhusa ya kutumwa haitoshi."

Akatupa gongo, akatembea hadi katikati ya uwanja. Mdogo wangu akampokea mkono kwa mikono miwili. "Na ukiumia?"

"Nikiumia nitaumia. Rusha, kijana, leo mimi si baba wa mtu."

Akarudi, akaokota gongo. Mpira wa kwanza ulimpita gongo likiwa bado begani. Wa pili alilizungusha wakati mdakaji wa klabu ameshaudaka na kuusahau. Wa tatu alizunguka pamoja na gongo, akakaa chini. Mdogo wangu akakimbia, akamnyanyua, akampangusa vumbi la suruali, akamuuliza habari za mgongo na za nyumbani.

Mmarekani akanijia, macho kwenye kimashine. "Anawafanyia hivi wapigaji wote?"

"Watu wazima tu."

"Wapigaji wetu wengi hawajafika thelathini," akasema. "Namchukua."

Mdogo wangu aliposikia akataka kwanza kujua umri wa makocha. Nikamwambia makocha hawarushiwi mpira, akakubali kwenda.

Alirusha huko Marekani misimu minne, katika miji ambayo hata Wamarekani waliofika saluni kwetu hawakuijua. Siku ya mchezo wake wa kwanza wa kulipwa alinipigia simu kuuliza kama ni adabu kumkazia macho mpigaji asiyemfahamu. Nikamwambia atazame glavu ya mdakaji.