Msiba Tuliojipikia

Mpwa wangu anatengeneza gemu. Hana kazi nyingine, na usimwulize mama yake, atalia. Anashinda sebuleni kwangu Gungu na kompyuta mapajani, na wiki iliyopita akaniambia, "Shangazi, hebu cheza uone." Nikaweka cherehani pembeni, nikacheza.

Ni mji wa kando ya ziwa. Kuna wavuvi, kuna wafanyabiashara, kuna askari, na kila kundi lina kimstari chake juu ya kioo. Kikiwa kijani wanakupenda, kikiwa chekundu wanakukimbiza na mapanga. Nikawachongea wavuvi kwa askari makusudi, nione. Kimstari kikawa chekundu. Nikauliza, sasa nifanyeje? "Wapelekee samaki, migebuka mitatu, shangazi." Nikapeleka. Kijani! Mzee wa wavuvi, ambaye nimetoka kumfungisha mwanawe sasa hivi, ananiambia karibu nyumbani.

Nilicheka mpaka nikapaliwa. "Mtaa gani huo? Nihamie leo."

Akanuna. Halafu akaniuliza, kwa sauti ya mtu aliyekwama kweli, afanyeje ili mchezaji akichagua upande aone uchungu wake. Nikamwambia azime hiyo kompyuta nimsimulie bibi yangu mzaa mama alivyozikwa Ujiji.

Bibi alikuwa na tamaa moja tu duniani: kuzikwa na watu. Wenzake walitamani kwenda Maka, yeye alitamani umati. Tangu nipate akili nilimwona akikimbilia misiba. Ana homa, anakwenda. Mvua inanyesha, anakwenda. Alifika mpaka Ilagala kumlilia mtu waliyesalimiana naye sokoni tu. Na kama marehemu alikuwa adui yake, hapo ndipo alipowahi zaidi, apate nafasi karibu na mlango, aonekane. Akirudi anatoa hukumu: "Watu walikuwepo, lakini wa kusukumwa." Hakuficha kwamba anajiwekea akiba ya siku yake.

Mtaani kwetu wanawake walikuwa na kikundi cha misiba. Masufuria makubwa, masinia, miko na majamvi vilikuwa vya wote, na vilitunzwa stoo kwetu kwa sababu mama aliaminika. Ukifiwa hushiki mwiko. Kazi yako ni kulia. Majirani wanaleta vyombo, wanapanga mafiga uani kwako, wanapika, wanaosha, wanakulazimisha ule. Mfiwa kujipikia ilikuwa aibu ambayo hata kuitaja watu waliona kinyaa.

Ikaja miaka ile ya wakimbizi. Mitumbwi ikawashusha watu kutoka Burundi na Kongo, mji ukafurika, na kila mtu akawa na la kusema. Mwenyekiti wa kikundi, mama mmoja mwenye bangili mpaka kwenye kiwiko, alisema wakimbizi wametuharibia mji. Alikuwa akisema hayo huku anachambua maharage ya msaada wa wakimbizi, aliyoyanunua sokoni Mwandiga kwa bei ya kutupa. Wenzake wakaitikia, ndiyo mwenyekiti, wametuharibia, hebu nipimie na mimi kidogo. Jamani, watu wana sura mbili!

Mama akampangisha chumba cha uani mwanamke kutoka Rumonge kule Burundi, Mwislamu mwenzetu, aliyekuja na mtoto mchanga anayekohoa. Haukupita muda mrefu mtoto akafa. Mama hakumwuliza mtu. Alifungua stoo, akayatoa masufuria ya kikundi, akampikia yule mwanamke msiba wake. Yule mwanamke alibaki kusema "urakoze, urakoze", ndiyo asante yao, mpaka sauti ikamkauka.

Alasiri mwenyekiti alikuwa mlangoni.

"Vyombo ni vya wanachama," akasema.

"Na maiti ni ya nani?" mama akamwuliza.

Basi. Kwa maneno hayo matano mambo yakaharibika. Mama akatakiwa aombe radhi mbele ya kikundi kizima na amtoe yule mwanamke chumbani, la sivyo siku ya kufiwa atajipikia. Masufuria yakabebwa jioni ile ile, mengine yakiwa bado na masizi ya msiba wa mtoto.

Bibi alikuwa amelala ndani, miguu imevimba, anasikia yote. Mama alipoingia, alikutana na moto.

"Umenizika peke yangu na bado nahema!"

"Mama, wamenisusia mimi, si wewe."

"Mbumbumbu wewe! Nikifa mimi, mfiwa ni nani? Si wewe?"

Nilimhurumia Bibi mpaka nikamchukia mama. Mtu kahudhuria misiba ya watu maisha yake yote, halafu akiba yake inateketea kwa kosa lisilo lake. Akawa halali. Kila mgonjwa akitajwa mtaani, yeye anauliza kama wamekwenda kumwona wengi.

Halafu malori yakaja. Wakimbizi waliokuwa wakiishi mitaani wakakusanywa kupelekwa makambini, na mpangaji wetu akapanda na kifurushi chake, na mpaka leo sijui aliishia wapi. Kwa hiyo aliyetetewa kaondoka, na adhabu imebaki. Bibi akaona ndiyo nafasi. "Huyo ameshakwenda. Kaombe radhi, mwanangu, nakuomba." Mama akajibu, "Radhi ya nini?" Akaendelea kukuna nazi. Kichwa kigumu kile, we acha tu.

Bibi alifariki Ijumaa alfajiri. Mimi na mama tulikaa tukiutazama mlango. Nikisikia kandambili barabarani, moyo unaruka.

Wakaja! Kikundi kizima, kanga vichwani. Wakamwosha, wakamvisha sanda, wakalia, na mwenyekiti akalia kuliko wote. Hakuna ambaye Bibi hakumfikia kwenye msiba wake, na hakuna aliyethubutu kubaki nyumbani. Watu walijaa mpaka barabarani. Bibi akazikwa na umati wake, nami nikasema moyoni, alhamdulillahi, yamekwisha.

Jua likafika utosini. Hakuna aliyeinuka. Sufuria la kikundi halikuonekana hata moja. Wale wanawake walikaa kwenye majamvi, migongo ukutani, tasbihi mkononi, wanasubiri. Hakuna aliyetutukana, hakuna aliyenuna. Walikuwa wamekuja kukaa.

Mama akaelewa kabla yangu. Akainuka hajamaliza kulia, akajifunga kanga kiunoni, akatoa visufuria vyetu vya nyumbani. Mimi nikawasha kuni. Tukapika wali na maharage kwa awamu, visufuria vidogo kwa watu wale wote, na moshi ukatupa kisingizio cha machozi. Tukawapakulia mmoja mmoja, tumepiga magoti. Mwenyekiti akaonja, akatafuna taratibu, akasema kwa upole kabisa, "Chumvi imepungua."

Mpwa wangu alikuwa ameacha mdomo wazi. "Sasa shangazi, hapo kimstari kilikuwa kijani au chekundu?"

"Kimstari gani? Walikuja wote. Na ukitaka gemu yako iume, anayechagua awe mmoja, na anayekosa usingizi awe mama yake."

Akaandika hilo kwenye simu. Sikumwambia lililobaki, kwa sababu sijui angeliweka upande gani.

Mwezi uliopita mwenyekiti alifariki. Mama siku hizi anatembea kwa mkongojo, lakini alfajiri alikuwa ameshavaa kanga mpya. "Nipeleke Ujiji," akasema. Nilijua anakwenda kukaa. Miaka yote hiyo alikuwa akienda kwenye misiba yao, anakaa, anakula, hashiki hata kitunguu. Lakini huu ndio aliokuwa akiusubiri.

Tulikuta wanakikundi wa zamani karibu wote wamekwisha. Waliokuwa wakipika ni wakaza wana na wapangaji, na mmoja wao Kiswahili chake kilikuwa cha Rumonge kabisa. Wakamwamkia mama shikamoo, wakamwekea mto wa kuegemea. Hakuna hata mmoja aliyemjua. Chakula kikaja. Mama akachukua tonge, akatafuna taratibu, akapaza sauti ifike mpaka chumbani alimolazwa marehemu.

"Chumvi imepungua."

Mkaza mwana wa marehemu akaruka. "Yarabi, tusamehe Bibi!" Akakimbia, akarudi na kisahani cha chumvi, akapiga magoti, akakiweka mbele yake kwa mikono miwili. Akamwuliza kama anataka na ndimu.

Mama alikitazama kile kisahani. Wali ule ulikuwa na chumvi ya kutosha, nilikuwa nimeshauonja. Akachota, akanyunyiza, akala vivyo hivyo mpaka sinia likawa jeupe, na njia nzima ya kurudi Gungu alikuwa akiomba maji.