Nilipandisha mto wetu kutafuta maji yalikokwama, nikamkuta mama mkwe

Wakuu, heshima kwenu. Haya yamenikuta mwenyewe. Chumvi ipo kidogo ya kuonjea, nyama yote ni ya kweli.

Nalima nyanya huku Bukima, kando ya mto unaoshuka kutoka upande wa Butiama. Form four nimeimaliza ukubwani, masomo ya usiku, na kwenye jiografia nilikuwaga moto.

Kiangazi kilichopita mto ukakauka ghafla, nyanya ndo zinaanza maua. Pampu inavuta tope. Majirani wakasema ni tabianchi, tusubiri mvua.

Nyanya hazijui kusubiri. Nikaamua kuupandisha mto kwa miguu mpaka nione maji yamekwamia wapi.

Nikamchukua Shabani, fundi pampu wa Kabasa, mtani wangu ambaye hachoki kunicheka.

Wakuu, huo mto una mambo. Tulikuta mwamba wa kivuko cha ng'ombe, kwato za miaka na miaka zimeulainisha hadi unang'aa kuliko kipara changu. Mbele kuna dimbwi kavu. Mama mmoja aliyekuwa anachimba maji mchangani akatuambia zamani ningu walikuwaga wanapanda hapo masika, watu wanaokota samaki kwa beseni. (Mimi nikisimulia nyumbani, wamekuwa wakubwa kama ndama.)

Jua likawaka, ndala ikakatika. Shabani akataka turudi. Nikakataa.

Ndipo tukaliona bwawa. Mawe, viroba vya mchanga, na nyuma yake maji yametulia kama Ziwa Victoria. Mwenyewe kainama anamwagilia sukuma wiki.

Mama mkwe wangu!

Nilijua anakaa kijiji cha huko juu, sikujua bustani yake imefika mtoni. Na kwetu mkwe hasimami uso kwa uso na mama mkwe, sembuse kugombana naye. Nikampa mgongo haraka, nikawa naongea na mti. Naye akajifunika kanga, akageukia upande wake. Shabani katikati, kicheko kimembana.

"Fundi, mwambie mama nyanya zangu zinakufa."

"Mwambie mkwe wangu na mimi nina ng'ombe," mama akajibu. "Na hata huku juu maji yamepungua. Nikiyaachia yote, tunakosa wote."

"Jamani," Shabani akasema, "mimi hapa natafsiri Kiswahili kwa Kiswahili."

Nikamwambia afikishe kwamba siondoki bila maji, japo nusu.

Kisha mama akasema taratibu, "Mwambie zamani kila aliyeziba mto alikuwa anaacha mlango, wa chini wapate. Mimi kuyabeba mawe ya mlango siwezi tena. Yeye ana mabega."

Basi nikakunja suruali. Nilibeba mawe hadi jua linazama, natembea kinyumenyume kama kaa nisimtazame, na Shabani analeta amri: mama anasema hilo limekaa upande.

Maji yakapenya. Membamba, lakini yanashuka.

Nikashuka nayo. Yakizama mchangani nasimama, yakiibuka naendelea. Yalifika kwangu kesho yake. Mistari ya pembeni ilishakufa, iliyobaki nimeivuna.

Nilichojifunza: mto ukikauka usiangalie mawingu tu. Panda. Huko juu kuna mtu, na mtu anaongeleka, hata mkipeana migongo.

Nani mwingine ameshaupandisha mto wa kwao? Alikuta nini? Na nyie ambao mama mkwe ndiye ameshika maji, mnaongeaje naye? Mwageni comments, nasoma huku namwagilia.