Maswali Mwishoni

Wifi yangu, dada wa mume wangu, ni mwalimu wa shule ya msingi, na mwaka jana alikuwa anajiandaa kwa mtihani wa kuingia shahada ya uzamili. Walimu wenzake walimpachika jina la Profesa, na si kwa heshima. Alishaufanya mara moja akaanguka, maana alikuwa anakariri kama kasuku, ukimwuliza "kwa nini?" anakutolea macho. Safari hii ilikuwa ya mwisho, kwani chuo hakimpi mtu nafasi ya tatu. Nilimwonea huruma, na hasira pia, kwa sababu nyumba nzima tulikuwa tunanyata kama wezi ili yeye asome.

Aliyemwokoa ni baba mkwe. Mzee huyu alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, na moto wa kazi ulimharibu macho hata akawa anavaa miwani myeusi mpaka sebuleni. Shule aliishia darasa la nne. Siku moja alimsikia binti yake akilia jikoni kwa sababu ya takwimu, akamwita.

"Nifundishe mimi," akamwambia. "Mimi nikielewa, hata huu mlango utaelewa, sembuse hao wasahihishaji wako."

Basi kila akitoka kazini, wifi alishika chaki akaandika kwenye mlango wa chuma wa sebule, ambao mzee aliuchomelea mwenyewe, na mzee akakaa kitini amenyoosha mgongo kama mwanafunzi mgeni. Ng'ombe hazeeki maini! Aliuliza mpaka akakera. Hao watu wa sampuli kawachagua nani, na walioachwa wamekosa nini? Mara aingize habari za mteja wake wa zamani aliyepima geti kwa kamba inayovutika. Tulicheka, lakini mada moja ilikula jioni nzima, na mtihani ulikuwa unakuja mbio.

Ikabidi wifi aweke sheria. "Baba, hili ni darasa. Ukitaka kusema unanyoosha mkono, na maswali ni mwishoni."

"Sawa, mwalimu," mzee akajibu, na sheria ile akaishika kuliko mtoto yeyote wa darasa la kwanza. Nilimwona kwa macho yangu amebana kikohozi mpaka machozi yakamtiririka chini ya miwani, eti somo lisikatike. Nilipomwambia, "Baba, kohoa tu," alinitikisia kidole ninyamaze.

Na wifi akaiva. Ukimwuliza "kwa nini" sasa, anakujibu mpaka unajuta kuuliza. Mzee alitembea mtaani akijisifu kwamba anasoma chuo kikuu.

Wiki moja kabla ya mtihani, nilikuwa nachambua mboga jikoni huku nawasikia. Wifi alikuwa amefika kwenye mada ileile iliyomwangusha mara ya kwanza, na maneno yalikuwa yanamtoka kama maji. Sijawahi kumsikia akifundisha vizuri namna ile. Katikati ya maelezo, kama alivyonisimulia baadaye, akageuka kidogo, akaona mkono wa mzee uko juu.

"Subiri, Baba. Maswali mwishoni."

Mkono ukashuka. Akaendelea mpaka mstari wa mwisho, akakung'uta chaki mikononi, akageuka akitabasamu.

"Haya, Baba, sasa uliza."

Mzee alikuwa amekaa vilevile kitini, miwani usoni. Wifi akamwita tena. Mara ya tatu sauti yake ilinifanya nitupe kisu na kukimbilia sebuleni. Nilipomvua mzee ile miwani, hakuwa nasi tena.

Daktari alisema ni moyo, na kwamba hata tungemuwahi, pengine isingesaidia. Hilo "pengine" ndilo lililommaliza wifi. "Alikuwa na swali, wifi, au alikuwa anaumwa?" Aliniuliza hivyo msibani mbele za watu, akaniuliza hivyo nikimnywesha uji. Mimi sijui, na anayesema anajua ni mwongo.

Mume wangu akashikilia kwamba mtihani lazima aende. "Baba alikaa kwenye kile kiti kwa ajili ya nini?" akasema. Nilitamani kumzaba kibao. Mtu amefiwa, wewe unamzungumzia kiti!

Wifi aliniambia mimi peke yangu. "Kufeli siogopi, nishazoea. Naogopa kufaulu. Nikifeli, Baba amekufa bure. Nikifaulu, nimefaulu kwa somo ambalo sikutaka kulikatisha."

"Basi usiende."

"Na nisipokwenda, wifi?"

Akapiga moyo konde, akaenda na macho yake yaliyovimba. Aliporudi sikumwuliza kitu, akasema mwenyewe akivua viatu, "Ile mada ilitoka. Nimeandika yote, hakuna nilichosahau."

Matokeo yalikuja kwenye simu tukiwa tunaanika nguo uani. Aliyasoma, akanipa simu. Jina lake lilikuwa la kwanza kabisa. Hongera nilikuwa nimemwekea tangu enzi zile za kulia jikoni, na kweli nilifungua mdomo nimpe.

"Pole, wifi yangu," nikajikuta nasema.

"Asante," akajibu, akainama kuchukua shati jingine.