Ala ya Panga la Mzee

Mzee wangu alipigwa na kiharusi wakati wa kupanda, upande wake wa kulia ukafa. Mguu ulirudi kidogo, ukawa wa kuburuta. Mkono haukurudi. Alipotoka hospitali tulichinja mbuzi dume, watu wakaomba, wakala, wakaenda zao. Kesho yake asubuhi akashika bakora kwa mkono wa kushoto, akabana panga lake chini ya kwapa lililokufa, akaanza kwenda shambani. Hakufika mbali. Panga liliteleza likapasua kiatu. Mguu haukuguswa, lakini kiatu kilikwisha.

Binti yetu, kitinda mimba, alikuwa hapo akiona. Yeye hufanya kazi kiwandani Athi River, na alikuwa amekuja kumuuguza baba yake. Aliokota panga, akalifungia kwenye ghala la mahindi, akanipa mimi ufunguo. Akaniambia mtu wa mkono mmoja akishika bakora hana wa kushika panga, na akishika panga ataanguka, na akianguka ataliangukia. Alichosema ni kweli.

Basi mzee akakaa nje kwenye kiti cha plastiki. Mtu akipita na kumsalimia, alijibu, "Niko," basi. Chakula alikuwa anaacha nusu. Matuta ya shamba letu aliyachimba yeye kwa mkono, na kutoka kwenye kile kiti aliweza kuona nepia, nyasi ya mifugo, ikizidi kimo na mbuzi wa jirani wakiingia. Nilimwambia aende tu akatembee, mguu upate nguvu. Akaniuliza kama nataka aende mikono mitupu, akitazama shamba kama mnunuzi wa ploti.

Nilipoona ameanza kuacha hata chai, nikampigia binti yangu simu. Nikamuuliza, je, panga likiwa kwenye ala, limefungwa mwilini, mkono ukabaki na bakora? Akasema, "Mwaitu, mama yangu, nakuja mwisho wa mwezi. Akianguka nalo na lisimkate, nitanyamaza. Lakini nikiona bado ni hatari, naenda nalo Athi River, na usiniombe."

Baba yangu alikuwa anashona ala za simi, zile panga fupi za makali kuwili. Shule niliiacha mapema, nikawa mtu wa kumshikia ngozi, na ukishika ngozi miaka yote hiyo mkono unajua hata kama hukufundishwa.

Ngozi ya yule mbuzi wa maombi ilikuwa bado imewambwa nyuma ya jikoni. Siku hizi hakuna anayekuja kununua ngozi huku kwetu. Niliiloweka kwa maji ya majivu mpaka manyoya yakalegea, nikaikwangua kwa kipande cha chupa, nikaiosha. Nilikata kipande cha shingoni kwenda mgongoni, kwa sababu dume huwa na ngozi nene hapo.

Panga lenyewe lilinisaidia. Ni la zamani, limeliwa na tupa hadi tumbo lote likaisha, limebaki limenyooka. Panga jipya lina tumbo, ukilishonea ala inakuwa kama gunia. Na mimi nilitaka ala nyembamba, ilale pajani bila kugongagonga mguu unaoburuta.

Nilikunja ngozi upande wa butu, nikashona upande wa makali. Katikati ya mshono niliweka ukanda wa ngozi, urefu wote wa panga. Mtu asiyejua hushona ngozi kwa ngozi, makali yakawa yanakata uzi kutoka ndani, kidogo kidogo, na siku moja panga linatokea pajani. Uzi nilisokota wa mkonge, kama ule wa kusukia kiondo, nikaupaka nta. Matundu nilitoboa kwa spoki ya baiskeli niliyoinoa. Na mdomo wa ala niliukata upande wa nyuma uwe mrefu kuliko wa mbele, kama ulimi. Mtu wa mkono mmoja hawezi kushikilia ala akirudisha panga. Ataliweka juu ya ule ulimi, alisukume, liingie lenyewe.

Ngozi mbichi ikikauka inajikaza. Kwa hivyo nililipaka panga mafuta, nikalifunga kwa karatasi ya mkate lisishike kutu, nikalitia ndani ya ala ikiwa bado imelowa, nikaiweka juani. Nikamwambia mzee asiguse mpaka nirudi. Nikaenda soko Katangi.

Niliporudi nilisikia sauti ya tupa kabla sijafika uani. Alikuwa amelikanyaga panga kwa mguu mzima, analinoa kwa mkono mmoja, na uso wake ulikuwa ule wa kabla ya kiharusi. Ala ilikuwa pale juani, tupu, imekauka na kujikunja kama ganda la muhogo. Nilijaribu kuingiza panga, likakataa hata ncha. Siku za binti yangu kuja zilikuwa zimekaribia, na ngozi iliyobaki ilikuwa ya tumboni, nyepesi, haifai kitu.

Nilimwambia mengi. Nilimwambia hata mbuzi mwenye ngozi hii alikuwa na masikio. Alisubiri nimalize.

"Susu," akasema, kwa maana siku hizi ananiita nyanya kama wajukuu, "hata mimi nimekauka upande mmoja na hujanitupa."

"Wewe huwezi kulowekwa," nikamwambia.

Akacheka. Tangu hospitali sikuwa nimemsikia akicheka.

Niliitia ala kwenye ndoo ya maji ikalala humo. Asubuhi ilikuwa imelainika, mshono umeshika. Nikapaka panga mafuta tena, nikalisukuma pole pole, nikaizungushia kamba kuanzia juu mpaka chini. Safari hii niliitundika kivulini chini ya paa, nikakaa hapo nikisuka kiondo changu mpaka ikakauka, siku baada ya siku, kama mtu anayelinda mtama ndege wasile. Yeye naye alikaa upande wa pili, akinitazama kwa jicho baya. Ilipokauka kabisa nikavuta panga. Likatoka kwa shida kidogo, kisha vizuri. Niliigeuza ala kichwa chini ikiwa na panga, nikaitikisa. Halikuanguka.

Tuliivalisha kwenye mshipi upande wa kulia, imelala kidogo kuelekea mbele, mkono wa kushoto uifikie kwa kuvuka tumbo. Chini niliifunga pajani kwa ukanda, la sivyo ingepanda pamoja na panga likivutwa.

Binti yangu alifika Jumamosi. Aliiona ala, akaigeuza, akapitisha kidole kwenye mshono. Hakusifu. Mzee akachukua bakora akatangulia, sisi nyuma yake. Nilimwambia binti akae mbali kidogo, mtu asitembezwe kama ng'ombe wa mnada.

Kwenye tuta la pili udongo ulikuwa umelegea kwa sababu ya mvua. Bakora ilizama, mguu ukabaki nyuma, mzee akaanguka kwa ubavu, ubavu ule ule wenye panga. Binti yangu alishaanza kukimbia. Nilimshika mkono kwa nguvu mpaka akanitazama vibaya.

"Ngoja," nikamwambia.

Mzee alilala pale kidogo. Halafu mkono wa kushoto ukavuka tumbo, ukapapasa ala kutoka mdomoni mpaka chini, kabla hata hajatafuta bakora. Akajivuta hadi kwenye ukuta wa tuta, akauegemea, akasimama. Suruali ilikuwa na tope. Damu hakuna. Panga lilikuwa ndani.

Hakutuangalia. Alitundika bakora kwenye kiwiko, akaegemea tuta kwa mgongo, akavuta panga, akaanza kukata nepia. Alikata vibaya mwanzoni, mkono wa kushoto haujui kazi hiyo. Baadaye ikawa afadhali. Alipochoka aliweka panga juu ya ulimi wa ala, akasukuma, likashuka mpaka mpini ukagota.

Binti yangu alivua viatu vyake vya mjini, akashuka akaanza kukusanya nepia. Alikuwa analia lakini anafanya kazi, kwa hivyo nilimwacha.

"Baba, umekata vipande virefu sana," akasema. "Mbuzi watamwaga nusu."

"Basi katakata wewe," mzee akamwambia. "Panga lingine liko nyumbani."

Jioni alimaliza ugali wake akaomba mwingine. Binti yangu alirudi Athi River Jumapili baada ya kanisa. Panga hakulitaja. Alinirudishia tu ufunguo wa ghala, aliokuwa amechukua kwangu Jumamosi kabla hata ya kuingia nyumbani, akiwa tayari kulifungia panga tena.