Pakia Ng'ombe

Jirani akimkatia ng'ombe wake mgomba, harufu ile mbichi hunikuta kibarazani, maana mimi kutoka nyumbani ni mpaka nibembelezwe. Hapo mimi huwa mtoto tena, kwa bibi kule kijijini Akheri, siku baba mdogo alipokuja na pikapu kumhamishia mjini bila kumuuliza.

“Ukapumzike, mama,” alisema, kavaa suti ya mtumba.

Bibi hakubisha. Alijifunga kitenge cha kanisani, akapanda mbele. “Haya, pakia ng'ombe.”

“Mama! Mjini ng'ombe atakaa wapi?”

“Afadhali yeye unamuulizia. Mimi uliniuliza lini?”

Jioni pikapu ilikuwa bado tupu uani, na baba mdogo alikuwa bandani na suti yake, akimkatia ng'ombe mgomba. Bibi alimsimamia mlangoni: “Vipande vidogo, baba. Na huyo naye mzee.”